Jirani zetu wamepewa siku saba waondoke nchini: barua ya mtaa ina nguvu kuliko wakili?

#1 Mjumbe_Pasua
Salaam wakuu. Kuna familia mtaani kwetu hapa Moshi, baba fundi, mama mfanyabiashara mdogo, watoto wanne. Jumatatu baba amepewa notisi ya siku saba aondoke nchini. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye alizaliwa makazi ya Mishamo mwaka 1984. Mama ni wa Taveta, upande wa Kenya, na walifunga ndoa kanisani. Watoto wote wamezaliwa hapa Moshi. Mkubwa yuko kidato cha nne na mtihani ni Novemba.

Mtaa umekaa kikao. Msimamo wangu ni huu: barua ya wananchi yenye sahihi mia mbili, muhuri wa mtaa, na mchungaji na shehe wakiisindikiza, itafanya kazi kuliko wakili wa kulipwa. Uhamiaji nao ni watu, wanaangalia mtu anaishi vipi na wenzake. Wengine kikaoni wanasema tunapoteza siku. Wanaojua waseme: barua iandikweje, michango ikae wapi, tuanze mlango gani? Nawasilisha.

#2 Kalamu_ya_Haki
Mkuu, kabla ya barua isomeni hiyo karatasi. Watu huita kila kitu "PI" (yaani mhamiaji aliyepigwa marufuku) wakati karatasi hazifanani. Kuna notisi ya kumtaka mtu aondoke mwenyewe ndani ya siku fulani. Kuna amri ya kufukuzwa, ambapo mtu anasindikizwa mpaka mpakani. Kuna hati ya mashtaka ya kwenda mahakamani. Na kuna wito tu wa kuripoti ofisini na nyaraka, ambao nao mitaani unaitwa kufukuzwa.

Angalieni kichwa cha karatasi, kifungu kilichotajwa (ni Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, au Sheria ya Uraia, Sura ya 357?), tarehe ambayo siku zinaanza kuhesabiwa, na hasa jina. Kama limeandikwa jina la baba peke yake, basi mama na watoto hawajapewa notisi yoyote, hata kama kuna mtu alitamka kwa mdomo kwamba "ninyi wote". Toeni nakala tano. Karatasi halisi atembee nayo baba, asiiache kazini.

#3 Binti_Rau
Mjumbe, nakuomba kwa heshima, wasimamizi wakusaidie kupunguza maelezo. Ulichokwisha kuandika kinatosha mtu wa Moshi kuitambua hiyo nyumba. Usitaje karakana, kanisa, shule wala namba za simu. Na hata mtu akikubana humu ndani, usijibu swali la "ana kitambulisho gani". Hilo ni la wakili peke yake.

#4 Mjumbe_Pasua
Asante dada, nimeelewa. Kalamu, notisi ina jina la baba tu, na kifungu ni cha Sura ya 54.

#5 Mtendaji_Mstaafu
Nijibu la barua, maana hapo ndipo mitaa mingi huharibu.

Barua ya mtaa haiwezi kumfanya mtu kuwa raia. Haina uwezo huo. Kinachoweza kufanyika ni kuthibitisha UKAAZI: huyu mtu tunamfahamu, ameandikwa kwenye daftari la wakazi tangu mwaka fulani, anaishi nyumba ya fulani, kazi yake ni hii, hana kesi wala mgogoro uliofikishwa ofisi ya mtaa au baraza la kata, watoto wake wanasoma. Basi. Mwenyekiti akijisahau akaandika "ni raia mwema", neno "raia" linageuka taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma, naye anaitwa kujieleza. Andikeni "mkazi".

Barua ielekezwe kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Ukurasa mmoja. Iombe jambo MOJA linalotajika, mfano kuongezewa muda mpaka mtihani wa kidato cha nne uishe na uchunguzi wa uraia wa baba ukamilike. Barua inayosema "tunaomba huruma" haimpi afisa kitu cha kuandikia kwenye faili. Inayotaja muda na sababu, hata akitaka kukataa, itabidi aseme kwa nini.

Sahihi mia mbili si lazima. Ishirini za watu wanaojulikana, kila moja na jina kamili, namba ya nyumba, namba ya NIDA na simu, zina uzito kuliko mia mbili za watu waliopitishiwa karatasi sokoni. Akipigiwa simu mmoja wa wale mia mbili akasema "mimi nilisaini tu", barua nzima imekufa. Ambatisheni muhtasari wa kikao cha mtaa wenye mahudhurio, barua ya mtendaji wa kata, na barua ya dhehebu. Pelekeni nakala tatu, moja irudi na muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Bila muhuri huo hamjapeleka kitu.

#6 ChaliiWaSakina
Mnahangaika na mihuri wakati Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa Arusha! Kuna kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Jamaa alinyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nao wakamkataa, akabaki katikati ya mpaka. Mahakama ilimpa haki Machi 2018. Pandeni basi, mkafungue kesi kama ile.

#7 Kalamu_ya_Haki
Chalii wangu, watu wa Arusha mnapenda mambo ya kimataifa, hata Mahakama Kuu ya Moshi hujaipitia! Kesi umeieleza vizuri, ila mlango huo umefungwa. Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu mtu binafsi kufungua kesi moja kwa moja. Taarifa ilitolewa Novemba 2019, ikaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mwananchi wa kawaida hawezi tena kuingia pale kwa miguu yake.

Kilicho wazi Arusha ni Mahakama ya Afrika Mashariki, makao makuu ya Jumuiya. Pale mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kulalamikia kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za ndani. Ila muda ni miezi miwili tangu kitendo kufanyika au tangu alipokijua, na mahakama hiyo haiongezi siku. Mwaka 2013 ilisema Uganda ilikosea kumzuia Mkenya kuingia bila kumpa sababu. Ni silaha nzuri, lakini haizuii mtu kupelekwa mpakani kesho asubuhi.

Cha kuzuia kesho asubuhi ni Mahakama Kuu, kwa maombi ya mapitio ya uamuzi. Kibali cha kufungua huombwa ndani ya miezi sita, lakini ninyi msingoje hata siku sita: mnapeleka na hati ya dharura, mnaomba zuio la muda. Zuio likitolewa, nakala yenye muhuri ifike kwa afisa siku hiyohiyo, tena ipelekwe na mtu, msitegemee picha ya WhatsApp.

#8 Ngaramtoni75
Si lazima kwanza kutoa notisi ya siku 90 ukiishtaki serikali?

#9 Kalamu_ya_Haki
Hiyo ni kwa mashauri ya madai ya kawaida. Mapitio ya uamuzi hayangoji siku 90. Wengi wamekata tamaa kwa kuambiwa hilo.

#10 Mzee_wa_Ulyankulu
Wanangu, mmeruka jambo kubwa. Mleta uzi kasema Mishamo na 1972. Hapo ndipo kiini kilipo.

Wakimbizi wa 1972 kutoka Burundi waliwekwa makazi matatu: Ulyankulu (Tabora), Katumba na Mishamo (sasa Katavi). Mwaka 2007 serikali ilitangaza mpango: anayetaka arudi kwao, anayetaka aombe tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Wengi wakachagua kubaki. Maombi ya zaidi ya watu 160,000 yakakubaliwa, ila vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa hiyo maswali ni haya: huyu baba wakati wa kuandikishwa mwaka 2008 alikuwa wapi? Wazazi wake na ndugu zake waliandikishwa? Wana vyeti?

Mwaka 2008 alikuwa na miaka 24, mtu mzima, kwa hiyo hakuingia kwenye ombi la baba yake. Alitakiwa kujaza lake. Kama alikwisha kutoka kwenda kutafuta maisha mjini, upo uwezekano jina lake halikuandikwa kabisa. Upo pia uwezekano liliandikwa, cheti kikatoka, na hakuna aliyekwenda kukichukua. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa, na jibu liko Mishamo kwa ndugu zake na wizarani Mambo ya Ndani, kwenye idara inayoshughulikia wakimbizi. Apigiwe simu kaka au dada leo. Awaulize wakati huohuo kuhusu kadi za zamani za makazi za wazazi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, na cheti cha darasa la saba kutoka shule ya kule.

Angalieni majina. Kule mtu aliandikwa jina la Kirundi, akaja Moshi akaitwa kwa jina la ubatizo. Majina yakitofautiana, wakili aandae kiapo kwamba ni mtu mmoja, na ndugu mwenye cheti cha uraia aape naye.

#11 Kalamu_ya_Haki
Mzee, shikamoo. Hapo umetoa dhahabu. Naongeza: mke wa raia ana njia yake ya kuomba uraia kwa ndoa. Watoto wa baba raia ni raia. Kwa hiyo faili la baba likisimama, nyumba nzima inasimama. Likianguka, mama hana pa kushika, kwa sababu yeye mwenyewe ni Mkenya.

#12 Tunu_wa_Soweto
Ingekuwa kinyume, mama Mtanzania na baba mgeni?

#13 Kalamu_ya_Haki
Watoto ni raia kwa mama yao. Ila baba hapati njia hiyo ya ndoa. Sheria ya 1995 imempa mwanamke aliyeolewa na raia, haikumpa mwanamume aliyeoa raia. Yeye hupita njia ndefu: miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na jumla ya miaka isiyopungua saba katika kumi ya nyuma, tena awe na ukaazi halali, awe na lugha, awe na mwenendo mzuri.

#14 Msomi_wa_KCMC
Kwa nini mnazunguka? Baba kazaliwa Tanzania mwaka 1984. Sheria ya Uraia inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia, isipokuwa mtoto wa balozi na mtoto wa adui aliyezaliwa eneo lililotekwa. Mkimbizi si balozi. Huyu ni raia wa kuzaliwa, mchezo umeisha.

#15 Mtendaji_Mstaafu
Mkuu, maandishi ni hayo, lakini ukienda kaunta utaambiwa lazima mzazi mmoja awe raia. Ndivyo inavyotekelezwa miaka yote. Na ndiyo sababu cheti cha kuzaliwa cha RITA hakihesabiwi kuwa uthibitisho wa uraia. Kinathibitisha umezaliwa wapi na nani, na mtoto wa mgeni aliyezaliwa hospitali ya Mawenzi au KCMC anakipata vilevile.

#16 Msomi_wa_KCMC
Utekelezaji haufuti maneno ya Bunge. Kama maneno hayo hayana maana, mpango wa 2007 ungehitaji nini kuwapa tajnisi watu waliozaliwa Katumba?

#17 Mzee_wa_Ulyankulu
Swali lako linakurudia mwenyewe, mwanangu. Serikali kuwapa tajnisi waliozaliwa Katumba ni kusema haikuwaona raia wa kuzaliwa. Mawakili wake watasema hivyohivyo.

#18 Kalamu_ya_Haki
Nyote wawili mna hoja, na mahakamani hoja ya kuzaliwa itawekwa. Nisingeiweka peke yake. Kwenye ile ya Anudo, mahakama haikuingia sana kwenye nadharia. Ilisema mtu akiwa na nyaraka ambazo serikali yenyewe ilimpa, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia unahamia kwa serikali, na mtu hawezi kufukuzwa bila kusikilizwa. Kwa hiyo thamani iko kwenye nyaraka. Kila karatasi aliyowahi kupewa na ofisi ya umma, kuanzia shule ya msingi, itoke kwenye sanduku.

#19 Holili_Mpakani
Mimi naona mnawafungia watoto kwenye kesi ya baba yao bila sababu. Mama ni Mkenya. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtoto wa Mkenya, awe baba au mama, ni Mkenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Hawa wanne tayari wana nchi. Na Kenya inampa mume aliyedumu kwenye ndoa na Mkenya miaka saba haki ya kuomba uraia. Holili na Taveta ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia jengo moja. Waondoke kwa heshima ndani ya siku saba, wajipange Taveta kwa bibi yao, warudi na vibali. Anayeondoka mwenyewe kwa notisi na anayesindikizwa na askari hawafanani wakija kuomba kurudi. Aliyepigwa marufuku lazima kwanza amwandikie Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kuomba zuio liondolewe, na barua hiyo husubiriwa.

#20 Binti_Rau
Holili, baba akitoka na karatasi ya Burundi atakuwa ameandika kwa mkono wake kwamba yeye ni Mrundi. Hoja ya uraia imekwenda. Na karatasi hiyo anaipata wapi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Burundi? Hati ya dharura ya safari inataka ubalozi umtambue.

#21 Holili_Mpakani
Ni kweli kwa baba. Kwa watoto sijabadili.

#22 Kalamu_ya_Haki
Kwa watoto kuna tahadhari moja. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kubeba zote mpaka miaka 18, kisha anachagua. Kijana wa kidato cha nne yuko karibu na mstari huo. Cheti cha kuzaliwa cha Kenya hakimfungi leo, pasipoti ya Kenya akishatimiza 18 itamfunga. Hao wadogo wana muda.

#23 Dereva_wa_Noah
Naweza kuwabeba bure mpaka Holili wakiamua, na mizigo yao.

#24 Holili_Mpakani
Kaka, moyo wako ni mzuri ila usifanye hivyo kienyeji. Kumsafirisha mtu asiye na nyaraka ni kosa zito, na hukumu za faini ya shilingi milioni 20 au jela miaka 20 si mpya katika mahakama za kanda hii, sababu ya barabara hizi kupitisha Wahabeshi wanaokwenda kusini. Ukikamatwa Himo na watu sita ndani, utaanza kueleza ujirani ukiwa nyuma ya nondo. Wakiondoka, waondoke mchana, notisi mkononi, barabara kuu, wasipite njia za panya za Tarakea wala popote, na ofisi ya Uhamiaji iwe imejulishwa kwa maandishi siku na kituo cha kutokea. Wakifika Holili wahakikishe muhuri wa kutoka umegongwa. Asiye na muhuri anahesabika bado yupo ndani.

#25 Mweka_Hazina_Njoro
Nizungumzie fedha, maana misaada mingi hufa hapo. Michango isikae kwenye simu ya mjumbe, hata awe mwaminifu namna gani. Fungueni M-Koba au akaunti ya kikundi, watia sahihi watatu, mmoja asiwe jamaa wala dhehebu moja na familia. Kila Ijumaa taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ofisi ya mtaa.

Gawanyeni mafungu tangu mwanzo: wakili na ada za mahakama, ada za serikali, nauli ya mtu wa kwenda Mishamo na kurudi, chakula na kodi ya nyumba ikiwa baba hafanyi kazi, akiba ya dharura. Mtu wa Mishamo ni safari ya kuvuka nchi, msimpe fedha ya kwenda tu. Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo tu, mnatoa stakabadhi. Anayetaka taslimu "ili faili lisogee", afisa au dalali anayejiita ndugu yake afisa, hapewi hata mia. Ukishamlipa mmoja wanakuja watatu, na mmeshafanya kosa la rushwa kwa jina la familia mnayotaka kuilinda.

Na wakili asilipwe kabla ya kuuliza wa bure. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hapa Moshi KWIECO wanashughulika na wanawake na familia, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha, na Chama cha Mawakili kina utaratibu wake. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kusaidia kupanga nyaraka hata kama hawezi kusimama Mahakama Kuu.

#26 ChaliiWaSakina
Hapo kwenye madalali nimekuelewa, mkuu. Ila kuna swali hakuna aliyeuliza: miaka yote hiyo wanaishi, kwa nini sasa? Lazima kuna aliyewachongea.

#27 Tunu_wa_Soweto
Mara nyingi ni kiwanja. Mtu kanunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa, jirani anataka njia, anakumbuka ghafla kwamba fulani si wa hapa. Asiye raia hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji, kwa hiyo ukimvua uraia umemvua na kiwanja.

#28 Mtendaji_Mstaafu
Si lazima kuchongewa. Watu wengi hujitokeza wenyewe kwenye mfumo. Maombi ya NIDA yana mahojiano: babu alizaliwa wapi, kabila gani, kijiji gani. Majibu yakigota, fomu huenda Uhamiaji. Pasipoti ni hivyohivyo. Yule Anudo wa kesi ya Arusha alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake tu.

#29 Ngaramtoni75
Au msako wa kawaida wa vibali vya kazi. Karakana nyingi zimekaguliwa, wanaanza na leseni wanaishia kwenye asili ya mtu.

#30 Tunu_wa_Soweto
Bado nasema kiwanja. Mjumbe aulize kama wana mgogoro wa mpaka.

#31 Mzee_wa_Ulyankulu
Mjue sababu kwa kiasi cha kumsaidia wakili, lakini msigeuze mtaa kuwa uwanja wa kutafuta mchawi. Mwaka 2013 kwenye Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, kule Kagera, Kigoma na Geita, majirani walioneshana vidole, na watu waliozaa na kujukuu humu walitoka wakiacha ng'ombe na mashamba. Wengine baadaye walionekana wana haki ya kubaki. Mji uliogawanyika hauandiki barua moja.

#32 Mwalimu_wa_Zamu
Kuhusu kijana. Usajili wa mtihani umeshafanyika na namba yake iko kwenye kituo hicho. Hawezi kuhama kwenda Taveta akafanya mtihani huu. Kule ni mtaala mwingine, atarudi nyuma miaka. Mkuu wa shule aandike barua yenye namba ya mtahiniwa, ratiba ya mtihani, na tarehe ya mwisho wa mitihani ya vitendo kama anasoma sayansi. Hii iambatane na barua ya mtaa, ndiyo inayolipatia lile ombi la muda uti wa mgongo. Wadogo wapewe ripoti za maendeleo na barua za uhamisho zikae tayari, hata kama hamtazitumia. Ofisi ya shule ikifungwa likizo hamtazipata.

#33 Holili_Mpakani
Na ikiwa wazazi wanaondoka, kijana abaki na nani?

#34 Ustawi_Kwanza
Asibaki kwa maneno ya mdomo. Mlezi atajwe kwa maandishi, afisa ustawi wa jamii atembelee nyumba ya mlezi na kuandika taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika uamuzi wowote unaomhusu, na hiyo taarifa ndiyo inayoingiza maneno hayo kwenye faili. Kama hatatambuliwa kuwa raia, kibali chake cha kusoma ni cha daraja C.

Jambo lingine: jiandaeni kwa siku ambayo baba anashikiliwa. Wadhamini wawili wajulikane sasa, wenye NIDA na barua za utambulisho za mtendaji, wasitafutwe usiku. Kama kuna dawa za kila siku, ziandikwe. Namba ya wakili iwe kichwani kwa mama, kwa sababu simu huchukuliwa. Baba asisaini maelezo asiyoyasoma. Akisomewa kwa haraka aombe arudiwe. Wadogo waelezwe kwa utulivu nani atawachukua shuleni.

#35 Msomi_wa_KCMC
Kuna njia ya ukimbizi pia. Kama hakupata tajnisi, basi ni mtoto wa wakimbizi waliotambuliwa, na mkimbizi harudishwi anakoogopa kudhurika. Mkataba wa 1951 na ule wa OAU wa 1969 vyote vinatubana.

#36 Mzee_wa_Ulyankulu
Ni kweli, lakini mkimbizi anayekaa nje ya makazi bila kibali naye ana kosa. Mkiingia mlango huo atapelekwa kambi ya wakimbizi huko Kigoma, kama Nyarugusu, na maisha ya Moshi yamekwisha. Uwe mlango wa mwisho, wa kuzuia asipelekwe Burundi.

#37 Msomi_wa_KCMC
Bora Nyarugusu kuliko kutupwa nchi asiyoijua.

#38 Binti_Rau
Hilo waamue wao wawili, baba na mama. Tumeandika mabandiko zaidi ya thelathini na hakuna aliyeuliza familia yenyewe inataka nini.

#39 Mjumbe_Pasua
Asanteni sana, nimesoma yote. Dada Rau, nimetoka kwao jioni hii. Mama anataka Taveta, amechoka. Baba anasema hana kwao kwingine zaidi ya hapa. Dada yake wa Mishamo amepatikana: ana cheti cha uraia, wazazi walikuwa navyo, na anakumbuka baba alijaza fomu mwaka 2008 alipokwenda kwenye msiba, ila hana hakika kama jina lilitoka. Mtu anaondoka kesho na basi la alfajiri.

Barua nimeipunguza kuwa ukurasa mmoja, tumeondoa neno "raia". Bado naamini sahihi nyingi zina maana, Mtendaji utanisamehe, ila tumetenga ishirini na mbili zenye NIDA ziwe juu, zingine kiambatisho. Wakili wa msaada amepatikana. Swali langu: kesho tuanze Mahakama Kuu au tuanze ofisi ya Uhamiaji kuomba muda?

#40 Mtendaji_Mstaafu
Uhamiaji kwanza, saa mbili asubuhi. Mkitangulia mahakamani mtaonekana mmetangaza vita kabla ya kuomba.

#41 Kalamu_ya_Haki
Sikubaliani. Zimebaki siku nne na Jumamosi na Jumapili zimo ndani yake. Gawaneni: wewe, mchungaji na shehe mwende Uhamiaji na barua, muombe hati maalumu ya muda, mwambieni afisa kwamba cheti cha 2014 kinafuatiliwa na mpeni nakala ya cheti cha dada. Wakili saa hiyohiyo akamilishe kiapo cha baba na hati ya dharura, asiwasilishe mpaka saa nane mchana. Mkipewa muda kwa maandishi, karatasi zake zinasubiri. Mkiambiwa "rudini wiki ijayo", hilo ni jibu la hapana, na anaingia masjala kabla haijafungwa. Dada yake apige picha cheti usiku huu, mbele na nyuma, namba isomeke.